Wi-Fi ipo, bando lipo, mbona simu haiioni TV?

"Wi-Fi inasoma, bando limejaa, YouTube kwenye simu inacheza vizuri, lakini nikitaka kurusha kwenye TV, TV haitokei." Malalamiko ya namna hii hayakosekani kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa na ya ukoo, na majibu yake huja haraka: ongeza bando, nunua ruta nyingine, rudisha TV kama ilivyotoka kiwandani, au achana na hiyo TV kabisa. Watu wanaingia gharama hizo na tatizo linabaki palepale, kwa sababu dawa waliyopewa ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Mkanganyiko unaanzia kwenye maneno. Tumezoea kuita kila kitu "mtandao" au "Wi-Fi", ilhali hapo ndani kuna vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinaweza kufa peke yake huku vingine vikiwa vizima.

Cha kwanza ni intaneti, yaani huduma unayoilipia, inayotoka kwa kampuni na kuingia nyumbani kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu. Inaishia kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa zinazopepesa. Cha pili ni Wi-Fi yenyewe. Hii ni redio tu: mawasiliano yasiyo na waya kati ya ruta na vifaa vilivyo ndani ya nyumba. Ukichomoa leo waya wa faiba, Wi-Fi itaendelea kuwaka na mistari pembeni mwa kioo cha simu itajaa kama kawaida, ila hakuna kitakachofunguka. Mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati yako na ruta. Haijui kama bando limeisha. Cha tatu, ambacho wengi hawajawahi kukisikia, ni mtandao wa ndani: uwezo wa vifaa vilivyo kwenye ruta moja kujuana na kusemezana vyenyewe kwa vyenyewe.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita baharini zilikatika, na intaneti ikazorota vibaya Afrika Mashariki. Ndani ya nyumba zetu Wi-Fi ilikuwa nzima kabisa siku hiyo. Mwenye video kwenye kompyuta angeweza kuipeleka kwenye TV ya sebuleni bila tatizo lolote. Hakuna ruta mpya wala bando kubwa ambalo lingemsaidia mtu, maana kilichokatika kilikuwa mbali na mlango wake.

Kurusha hufanyikaje

Wengi wanaamini kwamba ukirusha video kutoka kwenye simu, simu ndiyo inayoipokea kutoka intaneti na kuisukuma kwenye TV. Kwa YouTube na programu nyingi za filamu, sivyo. Ni kama kumtuma mtoto dukani. Wewe unampa jina la kitu na duka lilipo, yeye anakwenda mwenyewe na kurudi nacho. Humbebei mzigo njiani. Simu inaiambia TV "cheza video fulani", na TV inakwenda kuichukua kwenye intaneti kwa miguu yake yenyewe. Ndiyo maana unaweza kupokea simu, au hata kufunga YouTube, na filamu ikaendelea. Na ndiyo maana simu yenye Wi-Fi kali haiisaidii TV iliyo kwenye kona isiyo na mawimbi.

Kuna njia nyingine inayofanana na hiyo kwa macho tu, nayo ni kuakisi kioo. Hapo simu kweli inabeba mzigo wote: kila kinachoonekana kwenye kioo kinapelekwa kwenye TV papo hapo. Miracast, mfumo uliotoka mwaka 2012, hufanya hivyo kwa simu na TV kushikana moja kwa moja bila kupitia ruta, kwa hiyo picha za harusi zilizo kwenye simu zinaweza kuonekana kwenye TV hata pasipo bando. Simu za iPhone na Pixel hazina Miracast kabisa. iPhone hutumia AirPlay, Pixel hutumia mfumo wa Google. Anayehangaika kuitafuta Miracast kwenye iPhone ataitafuta hadi kesho.

Ukiakisi kioo ukaona menyu zinaonekana vizuri kwenye TV lakini filamu yenyewe ni giza tupu, usiilaumu Wi-Fi. Filamu za kulipia zina ulinzi dhidi ya kunakiliwa, na ulinzi huo huzuia picha isipelekwe kwa njia hiyo.

Jaribio la kwanza

Kabla ya kugusa chochote, zima data ya laini kwenye simu yako. Ni hatua ndogo ambayo karibu kila mtu anairuka, nayo ndiyo inayowadanganya wengi: simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, mara nyingi hurukia data ya laini kimyakimya. Wewe unaona YouTube inacheza, unasema Wi-Fi iko sawa, kumbe imekufa tangu asubuhi.

Data ikiwa imezimwa, cheza video kwenye simu, kisha chukua rimoti ya TV ucheze video kwenye YouTube ya TV yenyewe. Zote mbili zikigoma, tatizo ni intaneti. Angalia bando, angalia taa nyekundu kwenye kisanduku cha faiba, pigia kampuni yako simu. Simu ikicheza na TV ikagoma, tatizo liko kati ya ruta na TV, au kwenye TV yenyewe. Zote zikicheza lakini simu ikawa haiioni TV, basi intaneti ni nzima na Wi-Fi ni nzima, na kuongeza bando hapo ni kutupa hela. Kinachohitaji kutengenezwa ni ule mtandao wa ndani.

Hazionani ingawa zote zina Wi-Fi

Unapobonyeza alama ya kurusha, simu hupaza sauti ndani ya nyumba nzima: kuna kifaa chochote hapa kinachoweza kupokea video? TV ikisikia, inajibu kwa jina lake. Mwito huo una mpaka. Hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, hata kama mitandao yote miwili iko nyumba moja na inalipiwa bili moja.

Chukua mfano ambao siku hizi ni wa kawaida sana. Kampuni ya faiba imekufungia kisanduku sebuleni, nacho kinatoa Wi-Fi yake. Chumbani mawimbi hayafiki, kwa hiyo umenunua ruta ya pili, ukavuta waya kutoka kisanduku cha kwanza, ukaipa jina na neno la siri lake. TV ya sebuleni iko kwenye kisanduku cha faiba. Simu yako imezoea ruta ya chumbani. Vyote vina intaneti safi, na havionani ng'o.

Kulithibitisha hilo ni dakika mbili. Kwenye simu, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa, tafuta namba inayoitwa anwani ya IP. Fanya vivyo hivyo kwenye TV, kwenye sehemu ya mtandao. Tuseme simu imeandika 192.168.0.14 na TV imeandika 192.168.1.23. Tazama kile kifungu cha tatu: sifuri huku, moja kule. Kwenye ruta za kawaida za nyumbani, vifungu vitatu vya mwanzo visipofanana, vifaa hivyo viko kwenye mitandao miwili tofauti, na mwito wa simu unaishia ukutani. Suluhisho halihitaji kununua kitu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili na uibadilishe ifanye kazi ya "Access Point". Ikiwa hivyo, inaacha kujitengenezea mtandao wake na inabaki kurefusha ule wa kisanduku cha faiba. Baada ya hapo zima na uwashe simu na TV, soma tena zile namba. Zikianza sawasawa, TV itatokea.

Mtandao wa wageni huleta matokeo yaleyale, na huo umewekwa hivyo kwa makusudi: mgeni apate intaneti bila kuvifikia vifaa vya mwenyeji. Ruta nyingine zina kizuizi cha aina hiyo hata kwenye mtandao mkuu, na kwenye menyu huandikwa "AP Isolation" au "Client Isolation". Kizime, kama nyumba ni yako na neno la siri hujaligawa mtaa mzima. Kwenye hosteli, hoteli na nyumba za kupanga zenye Wi-Fi ya pamoja, kizuizi hicho kiwe kimewashwa, na mwenye mtandao asilaumiwe. Bila hicho jirani wa chumba cha pili angeweza kurusha anachotaka kwenye TV yako.

Halafu kuna VPN, programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye kompyuta iliyo kwingine. Ikiwashwa kwenye simu, nyingi huchukua mawasiliano yote na kuyatoa nje, hata ule mwito uliokusudiwa kubaki ndani. Izime ujaribu tena. Pia simu za sasa huomba ruhusa: tangu iOS 14 ya mwaka 2020, iPhone huuliza kama programu fulani iruhusiwe kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani, na Android 13 ya mwaka 2022 ilileta ruhusa yake ya vifaa vya karibu. Mtu hubonyeza "kataa" kwa haraka, anasahau, kisha mwezi mzima anaituhumu TV. Ruhusa hiyo inarudishwa kwenye mipangilio ya programu husika.

5 GHz si 5G

Hili nalo limezua maneno mengi, na wauzaji wachache wamelitumia vibaya. Ruta nyingi hutoa majina mawili, tuseme "Nyumbani" na "Nyumbani_5G". Hiyo 5G ya kwenye ruta haina uhusiano wowote na mtandao wa simu wa 5G, ambao ni kizazi cha tano cha teknolojia ya minara. Inamaanisha tu kwamba ruta inatumia masafa ya gigahezi 5, badala ya yale ya gigahezi 2.4.

Masafa ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila yamejaa watu. Bluetooth iko humohumo, Wi-Fi za majirani ziko humohumo, na oveni ya maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, kwa hiyo video inayokwama kila mtu anapopasha wali ina sababu yake. Masafa ya 5 yana kasi na nafasi, lakini ukuta wa tofali za saruji huyamaliza haraka, na zege lenye nondo ndiyo balaa zaidi.

Kwa suala letu, jambo la kujua ni kwamba TV nyingi za bei nafuu na vijiti vyake, yaani vile vifaa vidogo vya kurushia video vinavyochomekwa nyuma ya TV, hupokea 2.4 peke yake. Chromecast ya kwanza, kijiti cha Google cha mwaka 2013, ilikuwa hivyo. Ukiwasha hotspoti ya simu ikawa inatoa gigahezi 5, TV ya namna hiyo haitaliona jina lake kamwe, hata simu hiyo uiweke juu ya TV. Kwenye Android, badilisha masafa ya hotspoti yawe 2.4; kwenye iPhone 12 na za baada yake, washa kitufe kilichoandikwa "Maximize Compatibility". Na ukitumia hotspoti, jaribu kurusha kwa kutumia simu ya pili iliyounganishwa nayo, kwa kuwa baadhi ya simu zinazotoa hotspoti hazikubali kurusha zenyewe.

Wenye ndugu Marekani wanaotumiwa vijiti vya TV wana tatizo lao. Masafa ya 2.4 yamegawanywa kwenye chaneli, na vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida huishia chaneli ya 11. Ruta ya huku inaweza kujichagulia chaneli ya 12 au 13. Simu zote nyumbani zinaliona jina la Wi-Fi, kijiti hakilioni. Kijiti ni kizima. Ingia kwenye ruta, chagua mwenyewe chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na jina litajitokeza.

Majina mawili ya ruta moja, 2.4 na 5, kwa kawaida ni mtandao mmoja wa ndani, kwa hiyo simu ikiwa kwenye 5 na TV kwenye 2.4 zinapaswa kuonana. Zipo ruta zinazochechemea katika hilo. Kwa kujaribu, weka vyote kwenye jina moja kwanza.

Inaonekana, ila inakwamakwama

Hapa ndipo kasi inapohusika, na hata hapa watu hununua kupita kiasi. Kasi hupimwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Netflix inapendekeza Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p, na Mbps 15 kwa 4K. Mbps 5 mfululizo ni takriban GB 2 kwa saa, hesabu nzuri ya kukumbuka kabla ya kuwasha filamu kwa bando la simu. Mwenye laini ya Mbps 20 na TV inayokwama kwenye 1080p kwa kawaida ana tatizo la redio ndani ya nyumba, na akipandisha hadi Mbps 100 ataendelea kukwama kwa bei kubwa zaidi.

Pima kasi ukiwa umesimama pale TV ilipo, sio karibu na ruta. Tofauti ikiwa kubwa, hamisha ruta: iwe juu, mahali pa wazi, mbali na friji, kioo kikubwa cha ukutani na kabati la chuma. Nimeona ruta nyingi zimefungiwa ndani ya kabati la TV ili sebule ipendeze, na siwezi kuutetea uamuzi huo. Kijiti kilichochomekwa nyuma ya TV nacho kiko kivulini mwa chuma cha TV yenyewe. Kipande kifupi cha waya wa HDMI cha kukitoa pembeni husaidia kuliko watu wanavyodhani. Diski ya USB 3.0 iliyo jirani yake nayo huchafua masafa ya 2.4, isogeze.

Vile vifaa vya kurefusha Wi-Fi vinavyochomekwa kwenye soketi vinafaa, mradi uviweke katikati ya njia. Ukikiweka chumba kisicho na mawimbi, kitarefusha udhaifu huohuo. Na vile vinavyopokea na kutoa kwa redio moja hupunguza kasi karibu nusu.

Wakati mwingine kosa si la nyumbani

Tarehe 9 Machi 2025, watumiaji wa Chromecast ya toleo la pili na Chromecast Audio duniani kote waligundua kwamba vifaa vyao vimeacha kupokea kinachorushwa. Wi-Fi ilikuwa inasoma, intaneti ipo, jana yake vilikuwa vinafanya kazi. Sababu ilikuwa cheti cha kidijitali, kile kinachoithibitishia simu kwamba kifaa hiki ni halali. Kilitolewa mwaka 2015 kwa miaka kumi, na muda wake ukaisha. Google iliwasihi watu wasivirudishe vifaa hivyo kwenye hali ya kiwandani, na ndani ya siku chache ikaanza kusambaza marekebisho. Waliokuwa na subira vifaa vyao vilipona vyenyewe. Waliokimbilia kufuta kila kitu walikwama zaidi, kwa kuwa kifaa kilichofutwa hakikuweza kuunganishwa upya mpaka programu ya Google Home nayo iliporekebishwa.

Ndiyo sababu sipendi ushauri wa "futa, anza upya" kuwa wa kwanza. Kuzima na kuwasha ni salama. Kufuta kunaondoa akaunti, neno la siri na mipangilio yote, na mara nyingi hakugusi chanzo.

Vyeti hivyo vina tarehe, na hilo linatuletea hitilafu ambayo maeneo yenye umeme wa kukatika yanaifahamu bila kuijua jina. TV nyingine ikikosa umeme muda mrefu, saa yake hurudi nyuma miaka kadhaa. Ikiwaka, inavitazama vyeti vya leo vya huduma za intaneti inazotaka kuzifungua na kuona havijaanza kutumika, hivyo inavikataa. Wi-Fi imeunganishwa, lakini kila programu inasema hakuna mtandao. Angalia tarehe ya TV. Ikiwa si ya leo, isahihishe au washa muda wa kujiweka wenyewe. Aidha, umeme ukirudi, TV inaweza kuwaka kabla ruta haijawa tayari, ikatafuta Wi-Fi, ikakosa na kutulia hivyo. Acha ruta iwake dakika mbili tatu, ndipo uwashe TV.

Na kuna maamuzi ya kampuni. Mwaka 2019 Netflix iliondoa AirPlay, na mwishoni mwa 2025 ikaondoa kurusha kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV na vifaa vingi vyenye rimoti. YouTube ikirusha na Netflix ikakataa kwenye TV hiyohiyo, nyumbani kwako hakuna kilichoharibika. Fungua Netflix kwa rimoti ya TV.

Kwa TV isiyohama mahali pake, ninachopendekeza kwa dhati ni waya wa LAN kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya TV, ukiweza kuupitisha. Simu inabaki kwenye Wi-Fi na bado itaiona TV, kwa kuwa zote ziko kwenye ruta moja. Tundu la LAN la TV nyingi lina kikomo cha Mbps 100, na wapo wanaolidharau kwa sababu Wi-Fi yao inaandika namba kubwa zaidi ya hiyo. Filamu ya 4K inahitaji 15.